Bahari ya Beseni

Mwanamume anayemtongoza mke wake mwenyewe hana raha. Hajui abishe hodi au asukume mlango aingie. Akija na zawadi anaonekana anahonga, akija mikono mitupu anaonekana bahili. Fundi alikuwa katika hali hiyo mwaka mzima sasa, na njia pekee aliyoipata ya kujitetea mlangoni kwa Rangi ilikuwa kuja na fremu.

Alizitengeneza mwenyewe karakanani kwake, akazipiga msasa mpaka kidole kikawa kinateleza juu ya mbao, kisha akazibeba begani ngazi zote za ghorofa hadi kwenye chumba cha mke wake. Majirani walikwishamzoea. Mmoja alimwambia Rangi siku moja walipokuwa wanaanika nguo, "Shoga, huyo fundi wako, kama hana mke, ningekushauri umkubali."

"Ni mume wangu huyo," Rangi alisema.

"Basi mkubali hivyo hivyo."

Asubuhi ya siku ya maonyesho, Fundi alikuja bila fremu. Picha zote zilikuwa zimeshapelekwa ukumbini zikisubiri kutundikwa. Alisimama mlangoni na bisibisi kwenye mfuko wa shati, amenyoa ndevu vizuri upande mmoja na upande wa pili ovyo, kama kawaida yake akiwa na jambo kichwani.

"Leo umekuja mikono mitupu," Rangi alimwambia.

"Leo nimekuja na maneno."

"Haya, yatue chini tuyaone."

"Mama amekubali."

Rangi alikuwa anaosha brashi. Alifunga bomba. "Amekubali nini?" aliuliza, ingawa alijua. Kulikuwa na jambo moja tu duniani ambalo mama mkwe wake angeweza kulikubali au kulikataa.

"Njugu aje kwetu. Kuishi, si kutembea. Jumamosi hii." Fundi alizungumza haraka, kama anaogopa maneno yatamponyoka. "Vile vyumba viwili vya juu ya karakana nimeshavifagia, nimeweka mapazia. Kitanda chake nimekimaliza jana. Chetu..." Alikohoa. "Chetu bado nakipiga vanishi."

Rangi alimtazama. Walikuwa wameoana miaka saba, wamezaa mtoto, wametengana, na bado mtu huyu alikuwa anaona haya kutamka neno kitanda mbele yake. Alimpenda kwa ajili hiyo mpaka kifua kikamuuma.

"Harufu ya vanishi inaniumiza kichwa," alisema.

"Nitafungua madirisha."

"Basi sawa."

Wakacheka wote wawili, kicheko kifupi cha watu waliosahau namna ya kucheka pamoja.

Njugu alikuwa na miaka minne. Jina hilo alipewa siku aliyozaliwa, kwa jinsi alivyokuwa mdogo na amejikunja. Tangu akiwa na miezi mitano alilelewa na bibi yake mzaa baba, na habari ya jinsi alivyofika huko ilijulikana na ukoo mzima. Mchana mmoja Rangi aliingia karakanani kwa mumewe bila viatu, akamkabidhi mtoto aliyeviringishwa kwenye taulo, akasema, "Mchukue. Usinirudishie," akageuka akaondoka. Fundi alibaki pale na gundi vidoleni. Jioni alimpeleka mtoto kwa mama yake, kwa sababu hakujua mahali pengine pa kumpeleka.

Ukoo ulikuwa na maelezo yake: mwanamke amemtupa mtoto. Rangi alilazwa hospitali, akatibiwa, akatoka, akapanga chumba chake. Aliruhusiwa kumwona mwanawe Jumapili, sebuleni kwa bibi, mlango ukiwa wazi. Hakumweleza mtu yeyote kilichotokea siku ile, na Fundi hakuuliza. Kuna ndoa zinazovunjika kwa maneno. Hii yao ilivunjika kwa adabu.

Alichofanya Rangi ni kuchora. Alichora bahari, mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyemwelewa kwanza, maana bahari yake haikuwa na chombo wala ufuko wala ndege. Ilikuwa bahari ya miezi ile mitano, chumbani, mapazia yamefungwa. Picha moja aliiita "Kujaa," nyingine "Kupwa," na mwanamke yeyote aliyewahi kunyonyesha alijua mara moja kwamba hayo hayakuwa maji ya pwani, yalikuwa maziwa. Kulikuwa na "Chumvi," ambayo ilikuwa mashavu yake mwenyewe. Na kulikuwa na ile kubwa kuliko zote, "Beseni," aliyoichora mwisho na kuifuta mara nyingi kabla haijakubali.

"Lakini?" Rangi aliuliza.

"Lakini nini?"

"Mama yako hajawahi kukubali kitu bila lakini."

Fundi alijikuna shingo. "Anataka azione picha kwanza. Atakuja mapema, kabla ya wageni. Amesema, 'Nataka nione kilichomkaa moyoni huyo mwenzio, kisha nitakupa mtoto.'"

"Naogopa."

"Unaogopa nini? Ni maji tu yale. Nani aliwahi kukosana na maji?"

Alinyoosha mkono, akamfuta doa la bluu lililokuwa kidevuni, kwa kidole gumba, taratibu, kama anavyofuta gundi iliyozidi kwenye kona ya fremu. Doa lilitoka lakini kidole kilibaki pale pale. Rangi hakujisogeza. Alihisi pumzi yake juu ya paji la uso, na kwa muda kidogo ilikuwa kana kwamba miaka mitatu na ushei haikuwahi kupita kati yao.

"Nenda ukatundike," alimwambia. "Mimi nioge, nivae, nitakukuta huko."

Laiti angejua, asingemwacha aende peke yake.

Ukumbi wa maonyesho ulikuwa ghala la zamani la vitambaa, limepakwa chokaa nyeupe, na madirisha yake ya nyuma yalitazama uani ambako magari yaliegeshwa. Mwenye ukumbi alikuwa mama mmoja mwembamba ambaye kila mtu alimwita Bi Miwani, kwa sababu ya miwani yake iliyoanza kuingia chumbani kabla yake. Alimpokea Rangi mlangoni akiwa na mashada ya maua mikononi.

"Wageni ni saa kumi," alinong'ona. "Lakini kuna bibi ameshaingia na mjukuu. Nimemkaribisha kiti, amekataa. Nimempa maji, amekataa. Ana shida gani yule?"

"Ni mama mkwe wangu."

"Aa," Bi Miwani alisema, na hakuuliza tena.

Rangi alipita mbele ya "Kujaa" na "Kupwa." Fundi alikuwa amefanya kazi nzuri, kila picha imekaa sawasawa ukutani. Alianza kupata moyo. Kisha akakunja kona kuelekea ukuta wa nyuma, akaona "Beseni," akasimama.

Picha ilikuwa imetundikwa kichwa chini.

Haikuwa picha ambayo mgeni angeligundua hilo. Ilikuwa maji matupu, bluu nzito upande mmoja na weupe wa mwanga upande wa pili, na katikati mtoto amejikunja, na mikono miwili ya mwanamke imemshika. Rangi aliichora mikono hiyo ikitokea chini. Sasa ilitokea juu. Iliingia kutoka gizani, imenyooka, ikamshika mtoto na kumkandamiza kwenye maji.

Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya picha, mkoba ameushika kwa mikono yote miwili. Njugu alikuwa pembeni yake na soksi nyeupe, kiatu chake kimoja hakijafungwa kamba.

"Shikamoo, mama," Rangi alisema.

"Marahaba." Mama mkwe hakugeuka.

Njugu alimkimbilia mama yake, akamkumbatia magotini. Rangi alichutama akamfunga kiatu, apate cha kufanya na vidole vyake.

"Mama, huyu mtoto wa kwenye picha ni mimi?"

"Ndiyo, ni wewe."

"Na mikono ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Mbona unanisukuma chini?"

Bi Miwani, kule mbali, alijifanya anapanga maua.

"Umesikia?" mama mkwe alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali. Ingekuwa nafuu kama ingekuwa ya ukali. "Nimesimama hapa tangu mwanangu aitundike. Nikajiambia, labda ni haya macho yangu ya uzee. Nikasema ngoja nikae kimya, pengine mtoto ataona kingine. Umemsikia alichokiona."

"Mama, hiyo picha..."

"Hiyo picha nini? Niambie mwanangu. Nakusikiliza."

Yalikuwa maneno mawili tu: imetundikwa vibaya. Mtoto angeweza kuyasema. Rangi alifungua kinywa, akaitazama ile mikono inayotoka juu, akakifunga. Hakuweza.

Mama mkwe alisubiri. Alisubiri muda mrefu kuliko ambavyo Rangi angetegemea, na hapo ndipo Rangi alipoelewa kwamba yule mama alikuwa anataka kuambiwa. Alikuwa amekuja na moyo wake mkononi.

"Miaka yote hii watu wananiambia, huyo mkwe wako alitaka kumuua mtoto," alisema. "Mimi nawakatalia. Nasema hapana, alichoka, ni uzazi wa kwanza, hata mimi wa kwanza alinitoa jasho. Wakaniambia lisemwalo lipo. Nikawafukuza kwangu, ndugu zangu wa damu, kwa ajili yako. Leo wewe mwenyewe umelichora, na mwanangu amekutilia fremu."

"Mama, nampenda mtoto wangu."

"Sijasema humpendi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo wanavyosema, na mimi huyu sikumzaa. Lakini jino lake la kwanza nimeliona mimi. Homa zake zimenikuta mimi. Kama uzazi ni uchungu, basi na mimi nimemzaa, na sitamtoa nimpe mtu mwenye kitu kile moyoni." Alimshika Njugu mkono. "Mwambie mumeo tunamsubiri uani. Wageni wako wasinikute hapa, sina uso wa kuwaonyesha."

Njugu aligeuka mara tatu kupunga mkono. Rangi alipunga pia, akitabasamu kwa nguvu zake zote mpaka walipotoka.

Fundi aliingia kupitia mlango wa pembeni akiwa na ngazi begani na pima maji ya kusawazishia fremu mkononi, anapiga mluzi. Alipomwona mkewe mluzi ulikoma.

"Mama yuko wapi?"

"Uani. Anakusubiri."

"Ameziona? Amesemaje?"

"Umeitundika kichwa chini."

Aliiangalia picha, akamwangalia yeye. "Haiwezekani. Wewe huweka alama ya chaki nyuma, upande wa juu."

"Uliiona?"

"Niliiona nilipo..." Alinyamaza. Aliiweka ngazi chini taratibu. "Nilifuta vumbi nyuma, kabla ya kubandika karatasi ya kufunika mgongo wa fremu. Kwa kitambaa kibichi. Na chaki nayo nikaifuta." Kisha akatikisa kichwa. "Lakini hata bila chaki, Rangi, picha ilijieleza yenyewe. Nimemwogesha Njugu mimi, tangu hajui kukaa. Mikono hutoka juu. Mtoto yuko chini, beseni liko chini, na lile beseni lilikuwa jeupe kwa chini. Ningekosea vipi?"

"Igeuze."

Aliishusha. Aliigeuza na kuisimamisha sakafuni, akaiegemeza ukutani, kisha akarudi nyuma hatua chache akasimama kando ya mkewe. Sasa mwanga ulikuwa juu. Bluu nzito ilikuwa chini, na kutoka ndani ya bluu hiyo ilipanda mikono miwili, imenyooka mpaka mwisho, ikimwinua mtoto kuelekea kwenye weupe.

Fundi aliitazama muda mrefu. Alikuwa mtu wa kuelewa vitu kwa kuvipima.

"Mikono inatoka chini," alisema.

"Ndiyo."

"Sasa mama mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko chini."

"Chini ya nini?"

"Chini ya maji, mume wangu. Anayezama ni mama. Anayepandishwa juu ni mtoto."

Fundi alikaa kwenye ngazi iliyolala. Alijifuta uso kwa kiganja, na vumbi la mbao likabaki kwenye nyusi.

"Miezi yote ile?" aliuliza.

"Miezi yote ile."

"Na mimi nilikuwa narudi nyumbani nakuuliza kama kuna chakula."

"Hukujua."

"Nililala kitanda kimoja na wewe. Kama sikujua hapo, ningejulia wapi?" Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Kisha, kama ilivyo kwa watu wa mikono, wazo la kazi likamwinua. Alisimama, karibu atabasamu. "Lakini basi kosa ni langu. Unaona? Kosa ni la fundi. Nikamwambie mama sasa hivi, picha niliigeuza mimi, aje aione ilivyo. Atanitukana mimi, tumalize. Jumamosi iko pale pale."

Alifika mlangoni. Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa. Hapo ndipo aliposimama, na Rangi, aliyekuwa anamtazama mgongo, aliuona mgongo ule ukiwaza.

"Ulikuwa naye hapa," alisema bila kugeuka. "Ulimwona anavyoielewa. Kwa nini hukumwambia?"

Rangi aliitazama picha.

"Ni maneno mawili tu, Rangi."

"Najua."

Akageuka. "Siku ile ulipomleta karakanani, alikuwa na sabuni kichwani. Taulo limelowa. Wewe mwenyewe umelowa mpaka viwikoni. Nimeishi na ile sabuni mpaka leo, na sijawahi kukuuliza."

"Uliza sasa."

"Naogopa."

"Hata mimi. Uliza."

"Ilikuwaje?"

Rangi aliegemea ukuta. Alizungumza polepole, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza njia ya kufika mahali.

"Nilikuwa namwogesha. Alikuwa analia, akaacha, akanitazama. Nikaona mikono yangu imemshika. Nikawaza, nikiiachia tu, nyumba itakuwa kimya. Haikuwa hasira. Hasira ningeielewa. Lile wazo lilikuja tu, kama mtu anavyokukumbusha kwamba chai inapoa. Na lililonitisha ni kwamba halikunitisha." Aliitazama mikono yake. "Nikamtoa. Sijui nilimtoaje. Nikamviringisha, nikashuka ngazi, nikavuka barabara, nikaja kwako."

"Hukumwachia."

"Sikumwachia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Lakini leo nimeingia hapa nikaikuta picha vile ulivyoitundika, na nikaliona lile wazo liko ukutani. Sijawahi kulichora. Wewe ulilichora kwa bisibisi. Mama yako amelitazama mchana kweupe, ameliona lilivyo. Ningemwambia amekosea, ningekuwa namdanganya."

"Kwa nini hukuniambia mimi? Miaka yote hii."

"Kwa sababu ungenitazama kama unavyonitazama sasa."

Fundi alishusha macho. Alijaribu kuyainua tena na kumtazama kama asubuhi, na Rangi aliona anavyojaribu, akamwonea huruma.

"Daktari alisema umepona," alisema.

"Nimepona. Nala, nalala, nafanya kazi. Halijarudi."

"Basi niapie." Alimsogelea, akamshika mabega. "Niapie kwamba halitarudi, nami nitoke nje nimwambie mama habari ya picha tu. Haya mengine nitakufa nayo. Jumamosi tuhamie. Niapie, Rangi."

"Siwezi kuapa juu ya kitu nisichokijua."

"Hata kama ni uongo. Niapie tu. Nitakuamini."

Ewe msomaji, kuna wanawake wangeapa. Wala si wanawake wabaya. Rangi mwenyewe alitamani kuapa, alitamani kwa kila kiungo cha mwili wake. Alimtaka mtoto wake asubuhi, kabla hajachanwa nywele. Alimtaka mwanamume huyu, na harufu yake ya mbao, na haya yake. Vyote vilikuwa mbele yake kwa bei ya sentensi moja, na muuzaji amekwisha kusema hataikagua.

Aliweka kiganja chake juu ya shavu lile lililonyolewa vibaya.

"Nikikudanganya wewe," alisema, "siku likirudi nitamkimbilia nani?"

Fundi alifungua kinywa mara mbili. Nje gari lilipigwa honi mara moja, fupi, ya adabu.

"Naweza kufunga karakana," alisema mwishowe. "Nifanyie kazi nyumbani. Nisikuache naye peke yako."

"Ungenichunga."

"Ningekusaidia."

"Ungenichunga, mume wangu. Nikifungua bomba ungeinuka kitini. Nikimwita bafuni ungeacha chakula. Na Njugu angekuona unavyoinuka. Umemsikia leo? Yule haoni nusu. Angekua anajiuliza baba anaogopa nini kwa mama, mpaka siku atakapopata jibu mwenyewe."

"Kwa hiyo nifanye nini? Niambie nifanye nini."

"Unajua."

Alijua. Alimvuta, akamkumbatia kwa nguvu mpaka bisibisi iliyokuwa mfukoni ikawachoma wote wawili, na hakuna aliyejitoa. Alimbusu kwenye paji la uso, kwenye macho, pembeni ya mdomo, kama mtu anayefunga vitu kabla ya safari.

"Siwezi kumleta," alisema, masikioni mwake, kwa sauti ya chini kabisa.

"Najua."

"Si kwamba sikupendi."

"Hilo nalo najua. Nenda. Mtoto hajala tangu asubuhi."

Alitoka kwa mlango wa nyuma. Ngazi aliisahau.

Rangi alibaki amesimama. Bi Miwani alichungulia kwenye kona, akaona hali ilivyo, akakaribia kwa ncha za vidole. "Samahani, mpenzi. Wageni wameanza kuingia. Hii kubwa, mbona iko chini? Tuitundike vipi?"

"Iache kwanza. Nipe dakika chache."

"Dada wa kwanza aliyeingia amesimama mbele ya ile ya 'Kujaa' anafuta machozi. Nilidhani ungependa kujua."

"Asante."

Alipoondoka, Rangi alisogea dirishani. Lilikuwa limefunguliwa nusu kwa ajili ya hewa, na uani kulikuwa karibu kiasi kwamba kila neno lilifika. Mama mkwe alikuwa ameketi kiti cha mbele cha gari, mlango wazi, mkoba mapajani. Njugu alikuwa anaruka kutoka jiwe moja hadi jingine. Fundi alisimama kati yao na mikono yake imening'inia.

"Picha niliigeuza mimi, mama," alisema. "Ni kosa langu la ufundi. Alichora anampandisha mtoto. Yeye ndiye anazama."

Mama mkwe alimtazama mwanawe kwa muda. Uso wake ulianza kulegea, kama wa mtu aliyetuliwa mzigo, kisha ukasita.

"Kama ni hivyo, mbona hajatoka kuniambia mwenyewe?"

Fundi alizunguka gari akafungua mlango wa nyuma.

"Baba," mama mkwe alisema, sasa kwa upole, "nakuuliza. Kama ni hivyo, Jumamosi ipo au haipo?"

"Haipo, mama."

Mama yule alifumba macho. Hakusema nilikuambia. Alinyoosha mkono kwenye mlango wake, akaufunga.

"Njugu, njoo twende," Fundi aliita.

Njugu aliruka jiwe la mwisho, akaja, akatazama nyuma kwenye jengo. "Mama haji?"

"Haji."

"Si ulisema tutakaa naye?"

"Nilisema."

"Hanipendi?"

Fundi alipiga goti moja kwenye mchanga mbele ya binti yake, akamvuta soksi zikapanda, moja baada ya nyingine. Rangi, dirishani, aliinama asikie.

"Anakupenda," Fundi alisema. "Ndiyo maana haji."

Njugu aliligeuza jibu hilo kichwani mwake, akalitafutia mahali, akaona halina maana, akaanza kulia.